Somo: Neno GET, tazama kinachofuata

Wengi tulifundishwa kwamba get ni kupata, basi. Ukikutana na "I got tired" unasoma "nilipata kuchoka", unaona haikai sawa, unafungua kamusi na kukuta maana chungu nzima. Usizikariri. Funika get kwa kidole, soma kinachofuata, nacho kitakwambia maana.

Hatua ya 1: Kinachofuata ni nomino. Hapa kupata inafaa, ila haiko peke yake. "I got a letter", nilipokea barua. "Get me a chair", niletee kiti. "I got a cold", nilishikwa na mafua.

Hatua ya 2: Ni kivumishi. Tulia hapa, maana ndipo wengi wanapokwama. Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba badiliko zima: kuchoka, kulowa, kuzeeka, kukasirika, kupotea. Kiingereza mara nyingi huchukua kivumishi na kukitangulizia get: get tired, get wet, get old, get angry, get lost. Kazi ya get hapo ni kuonyesha kwamba hali imebadilika. Pima hizi mbili: "I was wet", nilikuwa nimelowa, "I got wet", nililowa. Ya kwanza nguo zimeshashika maji, ya pili mvua ndiyo inakupata. Na "it's getting dark"? Giza linaingia. Andika vitenzi vyako kumi vya namna hii, uvigeuze kimoja kimoja. Zoezi hili moja linafungua nusu ya neno.

Hatua ya 3: Ni mahali. Maana ni kufika. "We got to the station." Lakini home, here na there hazitaki to, kwa hiyo usiandike "get to home". Sema "I got home at 8", na ukumbuke kwamba kwetu hiyo ni saa mbili.

Hatua ya 4: Ni mtu au kitu, kisha kitenzi. "I got him to sign": nilimshawishi akatia sahihi. Hiyo to usiiache, ingawa make haiitaki: "I made him sign", nilimlazimisha atie sahihi. Kikiwa kitu kinachotendwa, kitenzi huchukua umbo la tatu (past participle): "I got my phone repaired", nilitengenezewa simu. Kauli yetu ya kutendewa inakaa hapo vizuri kabisa.

Hatua ya 5: Ni vijineno kama over, by, along. Hizi kariri tu: get over ni kupona au kusahau machungu, get by ni kujikimu, get along ni kupatana.

MASWALI

Mwalimu, "I've got" na "I've gotten" zina tofauti gani?
Marekani zinatofautiana. "I've got a ticket", ninayo tiketi. "I've gotten a ticket", nimeipata. Uingereza gotten haitumiki sana. Wao husema got kwa zote mbili.

Niseme "she got married with him"?
Hapana, ni to: "she got married to him". Na get married haijali jinsia. Kuoa na kuolewa zote zimo humo, kwa hiyo ukitafsiri kuja Kiswahili angalia nani anasemwa.

Naweza kuitumia kwenye barua ya kuomba kazi?
Ipunguze. Get ni neno la mazungumzo zaidi. Andika receive, become, obtain, arrive.

Shikamoo mwalimu. Get up si ndiyo wake up?
Marahaba. Sivyo. Wake up ni usingizi kukutoka, get up ni kuinuka kitandani. "I woke up at 6 but got up at 7": niliamka saa kumi na mbili, nikabaki nimelala macho mpaka saa moja.