Mboji haipati moto? Usiisingizie baridi ya Juni

Mahindi yakishavunwa, wakulima wengi wa huku Nyanda za Juu Kusini, kama Uyole, Njombe na Mufindi, hulundika mabua na samadi kidogo, wakangoja mwezi mzima, kisha wakasema baridi ya huku haiivishi mboji. Baridi inasingiziwa. Moto wa mboji hautoki juani, hutengenezwa na bakteria walio ndani ya rundo.

Huanza bakteria wa kawaida. Wanakula vilivyo laini, rundo linafika nyuzi 40 hivi, halafu joto lao wenyewe linawashinda. Hapo huamka wapenda joto, wengi wao jamii ya Bacillus, ambao raha yao ni nyuzi 50 hadi 65. Huna haja ya kuwanunua. Wamo tayari kwenye udongo na samadi, wamejifungia ndani ya spora, yaani ganda gumu la kujihifadhi.

Kazi yako ni kuwatunzia joto lao. Rundo lisilofika mita moja kila upande hupoa haraka. Kwa ubaridi wetu mimi nashauri mita moja na nusu, lifunikwe kwa nyasi nene au majani makavu ya migomba. Katakata mabua. Yakiwa peke yake hayana naitrojeni ya kutosha, kwa hiyo yachanganye na samadi mbichi na majani mabichi. Maji yatoshe tu: ukikamua konzi moja, yadondoke matone mawili matatu.

Chomeka kijiti kirefu hadi katikati. Baada ya siku tatu au nne kichomoe: kikikuunguza kiganja, wako kazini. Kikitoka vuguvugu na kikavu, ongeza maji. Kikinuka uvundo, hewa haipiti, geuza.

Kugeuza ndiko watu hukwepa, maana kunachosha. Lakini mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa hufa pakikaa nyuzi 55 kwa siku tatu au zaidi, na pembeni mwa rundo hapafiki huko. Cha nje kiende ndani. Viazi vyenye mnyauko usivitie kabisa. Joto likipita nyuzi 70, hata hao wapenda joto huanza kufa, basi geuza mapema.

Ukikuta unga mweupe kama majivu, rundo halijaungua. Ni aktinomaiseti, jamaa za bakteria hao wapenda joto, wanaovunja sehemu ngumu za mabua. Lirushie maji na ujifunge kitambaa puani kabla ya kugeuza, vumbi lake hudhuru mapafu.

Ukigeuza na joto lisipande tena, liache litulie wiki kadhaa. Minyoo ikianza kuingia yenyewe, peleka shambani.