Feni ya chumba cha miche: anza na wati za taa, ukubwa wa chumba baadaye

Mkulima wa saladi aliyeniita Mbezi, Dar es Salaam, mwezi wa pili alikuwa ameshanunua feni. Chumba chake kilikuwa stoo: mita 4 kwa 3, dari mita 2.5, rafu tatu, kila rafu na taa zake za LED. Fundi alipima chumba, akapata mita 30 za ujazo, akasema hewa ikibadilika mara tano kwa saa inatosha, akafunga feni ya kutoa mita za ujazo 150 kwa saa. Saa nane mchana kipimajoto changu kilisoma nyuzi 39 kwenye rafu ya juu. Saladi zimerefuka kama mchicha uliosahauliwa, na majani machanga ya katikati yana kingo za kahawia, utadhani yamepitishwa motoni. Alishapiga dawa mara mbili akijua ni ugonjwa.

Feni ya chooni unaweza kuichagua kwa ukubwa wa chumba, kwa sababu unatoa harufu. Hapa unatoa joto, na joto hilo limeingia kwa waya wa umeme. Kila wati inayoingia chumbani huishia kuwa joto, hata ya LED. Watu husema LED haina joto. Kweli inatumia umeme kidogo kwa mwanga uleule, lakini huo kidogo wote unabaki humo ndani: mwingine kwenye taa yenyewe, mwingine mwanga ukishagonga majani na kuta. Kinachogeuka kuwa chakula cha mmea ni kiasi kidogo mno, usikihesabu.

Basi tafuta wati zako, na usiamini boksi. Kuna taa zimeandikwa 1000W zinavuta 100 tu. Mita ya LUKU (ya umeme wa kulipia kabla) itakwambia ukweli: zima kila kitu nyumbani, friji pia, andika yuniti zilizobaki, kisha washa taa, pampu na feni ndogo za chumba hicho kwa saa moja kamili. Zikipungua yuniti 0.9, chumba kinakula wati 900. Ndivyo ilivyokuwa Mbezi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Zidisha wati kwa 3, kisha gawanya kwa idadi ya nyuzi unazokubali ndani kuzidi nje. Jibu ni mita za ujazo za hewa kwa saa. (Hiyo 3 inatokana na uwezo wa hewa kubeba joto: mita moja ya ujazo hubeba takriban kilojuli 1.2 kwa kila nyuzi moja inayopanda.) Ukikubali nyuzi 4, wati 900 zinadai 900 × 3 ÷ 4, yaani mita 675. Ukitaka nyuzi 2 tu, feni inakuwa ya mita 1,350, na bei nayo inapanda.

Feni hupimwa kiwandani ikiwa wazi, haina neti wala bomba lenye kona mbele yake. Ongeza theluthi: 675 inakuwa 900. Kama feni imeandikwa CFM (futi za ujazo kwa dakika), zidisha namba hiyo kwa 1.7 upate mita kwa saa. Kwa hiyo hapa tunatafuta ya CFM 530 hivi. Walio Nairobi waongeze tena karibu moja ya tano, kwa kuwa hewa ya mwinuko ule ni nyepesi na kila mita yake hubeba joto pungufu. Na kama juu yako ni bati tupu, weka dari kwanza; joto la jua halimo kwenye hesabu hii.

Sasa tundu la kuingizia hewa, ambalo mafundi wengi hulisahau. Pale Mbezi lilikuwa bomba la inchi 4, tena ukuta uleule wa feni. Feni kubwa kwa tundu hilo ingekuwa hasara tupu. Mita 900 kwa saa ni robo mita ya ujazo kila sekunde. Ili hewa iingie bila kusukumana unahitaji uwazi wa robo mita ya mraba, na ukiweka neti ya wadudu, mara mbili yake. Hilo ni dirisha la sentimita 70 kwa 70. Liwe chini, upande wenye kivuli, na feni iwe juu ukuta wa pili. Ukiona mlango unajivuta wenyewe feni ikiwaka, tundu ni dogo.

Ila feni haiwezi kushusha joto chini ya lile la nje. Dar mchana wa Februari ni nyuzi 32; ongeza 4, na saladi imeshashindwa. Nilimwambia awashe taa saa 12 jioni, azime saa 4 asubuhi. Hata hivyo usiku wa pwani una nyuzi 25 hivi, kwa hiyo miezi ya joto nilimshauri aoteshe miche ya nyanya na hoho, saladi arudi nayo Juni. Wa Lushoto, kule milimani kwenye baridi, hana shida hii.

Taa zikizimwa, feni isizimwe, ipunguzwe. Majani yanaendelea kutoa maji, na unyevu uliotuama ndio unaoleta kinyausi, ugonjwa wa kuozesha mashina ya miche. Zile kingo za kahawia nazo hazikuwa ugonjwa. Kalsiamu husafiri na maji, na jani la katikati lisilopata upepo halivuti maji ya kutosha. Feni ndogo inayotikisa majani kidogo ingemwokolea pesa ya dawa.

Funga kipimajoto usawa wa majani, ukikinge kwa kipande cha boksi, maana kikimulikwa na taa kitasoma taa badala ya hewa. Tofauti na nje ikianza kupita nyuzi 4, kabla ya kukimbilia feni nyingine vua neti uioshe. Ya Mbezi, kwa vumbi la barabara ile, ilikuwa imeziba ndani ya wiki tatu.