Kurudi kazini Marekani bila maziwa kukauka

Nyumbani mzazi hukaa arobaini. Mama anapika uji wa pilipili manga, shangazi anafua nepi, na mtoto hatoki pembeni mwa mama yake. Huku Marekani wengi wetu tunarudi kwenye shifti mtoto akiwa na wiki sita au nane. Likizo ya uzazi chini ya sheria ya serikali kuu ni wiki 12 zisizo na mshahara, na hata hizo anazipata tu aliyetimiza mwaka kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi. Nani ana uwezo wa kukaa wiki 12 bila kulipwa na kodi ya nyumba inangoja? Mwezi haujaisha, simu inapigwa: "Dada, maziwa yamekata."

Mara nyingi hayajakata. Yamekaa ndani saa nyingi mno bila kutolewa, siku baada ya siku, na mwili umechukulia kwamba hayahitajiki. Titi likijaa na kubaki limejaa, linapunguza kasi ya kutengeneza, likitolewa, linaongeza. Kwa hiyo endelea na mtori, supu ya kuku, uji wa ulezi, na njahi kama umelelewa nazo, maana mwili wako unahitaji nguvu na maji. Lakini hakuna bakuli la uji linaloziba pengo la saa saba bila kukamua.

Na kuna jambo tulilorithi ambalo linatupotezea maziwa mengi: kwamba mama akishinda mbali na mtoto, maziwa yanachacha ndani ya titi, hivyo ya kwanza yamwagwe. Hayachachi. Maziwa yaliyo ndani ya titi ni salama. Ukifika nyumbani, mpe mtoto moja kwa moja.

Mimi nilianza vibaya. Katika nyumba ya wazee nilikokuwa nikifanya kazi, nilisubiri kazi ipungue ndipo nikakamue. Kazi ya kuhudumia wazee haipungui. Kengele ikilia unaitika. Nilikuwa nikimaliza shifti matiti yamekuwa mawe, na baada ya wiki tatu pampu iliyokuwa ikitoa mililita 120 ikawa inatoa 50. Hakuna aliyenikataza kukamua. Niliona haya kumweleza msimamizi mwanamume habari za matiti yangu, basi.

Msimamizi hahitaji maelezo marefu. Mwandikie ujumbe wiki mbili kabla ya kurudi: "Narudi tarehe fulani. Nitahitaji kukamua maziwa ya mtoto mara tatu kwa shifti, dakika 30 kila mara, kwenye chumba chenye mlango wa kufunga na soketi ya umeme. Naomba kujua chumba ni kipi na nani atashika nafasi yangu." Iwe maandishi, si maneno ya kwenye korido, ili uwe na ushahidi. Na lile la nani atashika nafasi yako usiliache. Chumba kinaweza kuwepo na bado ukashindwa kuondoka kwa sababu hakuna wa kukupokea.

Huombi hisani. Sheria iitwayo PUMP Act, iliyotiwa saini Desemba 29, 2022, inampa mama muda wa kukamua kila anapohitaji kwa mwaka mmoja tangu kujifungua, mahali pasipoonekana na watu, pasipoingiliwa, na pasipokuwa choo. Sheria ya 2010 iliyotangulia iliwaacha nje walimu na wauguzi wengi, hii imewaingiza. Mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 50 anaweza kudai kwamba mzigo ni mkubwa mno kwake, lakini kuthibitisha ni juu yake. Sheria hiyo hailazimishi muda huo ulipwe, isipokuwa ukikamua huku unaendelea na kazi, au ukitumia mapumziko ambayo wenzako wanalipwa. Majimbo mengine yameongeza: hapa Minnesota mwajiri haruhusiwi kukupunguzia malipo kwa ajili ya kukamua. Ukinyimwa, kitengo cha Wage and Hour cha Wizara ya Kazi kinapokea simu kwenye 1-866-487-9243. Unaweza kuomba mkalimani, na kinamhudumia mfanyakazi bila kujali hali yake ya uhamiaji.

Sasa ratiba. Kanuni rahisi ni kukamua mara nyingi sawa na mtoto anavyonyonya, yaani takriban kila saa tatu katika miezi ya mwanzo. Tuseme shifti yako inaanza saa moja asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Mnyonyeshe saa kumi na mbili na nusu kabla ya kutoka, kamua saa tatu na nusu, kamua tena saa sita na nusu, kisha mnyonyeshe saa kumi unapomchukua. Kwa shifti ya saa 12, iwe mara tatu au nne. Dakika 15 hadi 20 zinatosha wengi. Siku ikikubana, bora dakika kumi kwa wakati wake kuliko nusu saa nzuri iliyocheleweshwa hadi jioni. Weka kengele kwenye simu. Anayefanya kazi usiku afuate saa zilezile tatu tatu, na asiruke, kwa sababu homoni ya kutengeneza maziwa hupanda zaidi usiku.

Pampu yenyewe huenda huhitaji kuinunua. Bima nyingi za afya hulazimika kugharamia pampu moja, na WIC, mpango wa serikali wa lishe kwa akina mama na watoto wadogo, husaidia waliojiandikisha. Omba ya umeme inayokamua pande zote mbili kwa pamoja. Kisha angalia kile kikombe cha plastiki kinachokaa juu ya chuchu. Vingi vinakuja na ukubwa mmoja au miwili, na akina mama wengi wanateseka na kisichowafaa. Chuchu iteleze humo bila kusuguana, na weusi unaoizunguka usivutwe ndani. Kukamua hakupaswi kuuma. Pampu ikianza kunyonya kwa unyonge, kabla ya kulaumu mwili wako badilisha vile vivalvu vidogo vya mpira; vinachoka kwa matumizi, na ni vya bei nafuu. Kabla ya kuwasha, kanda matiti kwa mkono wenye joto na tazama picha au video ya mwanao. Maziwa hushuka upesi mama akimwona mtoto, hata kwenye simu.

Yanayotoka hukaa saa nne kwenye joto la kawaida la chumba, siku nne kwenye friji, na kwenye friza ni bora yatumike ndani ya miezi sita. Mfuko wa kutunza ubaridi wenye barafu unayatunza saa 24, kwa hiyo kukosa friji kazini si kikwazo. Yakishayeyushwa kwenye friji yatumike ndani ya saa 24, na usiyagandishe tena. Usiyapashe kwenye maikrowevu. Chovya chupa kwenye maji ya vuguvugu.

Zungumza pia na anayekaa na mtoto, awe jirani, mama yako aliyekuja kukusaidia, au wa kituo cha kulelea watoto. Chupa hutiririka haraka, na mtoto humaliza hata asipohitaji. Kisha unaambiwa maziwa yako hayamtoshi, kopo la maziwa ya unga linanunuliwa, na wewe unavunjika moyo. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita anahitaji takriban mililita 30 hadi 45 kwa kila saa usiyokuwepo, ambazo ni aunsi moja hadi moja na nusu. Ukiwa mbali saa tisa, ni kama mililita 270 hadi 400, zigawanywe chupa ndogo tatu au nne. Mlezi amshike mtoto akiwa ameketi wima, chupa ilale, na apumzike katikati.

Majira ya baridi yana mtego wake. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zinapunguza maziwa waziwazi, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kufanya hivyo pia. Mwambie mfamasia kwamba unanyonyesha kabla hajakupa chochote.

Titi likiwa jekundu na lenye joto, ukahisi homa na mwili kuuma, endelea kumnyonyesha kama kawaida na umwone daktari bila kungoja wikiendi ipite.

Usishtuke kiasi kikipungua kufikia Ijumaa. Hutokea kwa wengi wanaokamua wiki nzima, maana pampu haimfikii mtoto kwa kutoa maziwa. Jumamosi na Jumapili weka chupa kabatini, lala naye karibu, mnyonyeshe kila anapotaka, mchana na usiku. Jumatatu angalia pampu inatoa kiasi gani. Kama bado kimeshuka, ongeza mara moja ya kukamua kila siku, asubuhi mapema ndipo hutoka mengi, na uipe siku chache kabla ya kuhesabu tena.