SOMO: Kufunga zana za kuvulia baharini na kumrudisha samaki akiwa mzima (kwa sisi wa Moshi na Arusha tunaoteremka Tanga)

Wakuu, kila ikikaribia sikukuu maswali ni yale yale. Ndoana namba ngapi, mshipi unene gani, na kwa nini samaki niliyemwachia ameelea tumbo juu mpaka mwewe kambeba. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Somo ni la anayekwenda Tanga au Pangani wikiendi, anakodi boti ya faiba au mashua pamoja na nahodha wake, anavua kwa fimbo pembezoni mwa miamba kwenye maji ya mita 15 hadi 40. Wa bwawa la Nyumba ya Mungu na ziwa Duluti subirini lenu, huku mambo ni mengine.

Kabla ya hatua, shikeni hili: kupona kwa samaki kunaamuliwa mezani kwako siku unapofunga zana. Ukifika baharini na ndoana mbaya na uzi mwembamba, upole wako pale botini hautamsaidia.

1. Fimbo na rili. Fimbo ya vipande viwili, mita 2 hadi 2.4, isiyo laini sana, na rili inayobeba mita 250 za mshipi. Safirisha ndani ya bomba la PVC la inchi 3 lenye vifuniko pande zote, hapo konda airushe kwenye buti anavyotaka.

2. Mshipi. Nailoni ya milimita 0.50, yenye kukatika kwenye kilo 14 hivi. Kuna wanaopenda 0.35 eti mchezo unanoga. Unanoga kwako. Samaki anayevutana dakika ishirini misuli yake inajaa asidi, anaondoka kama mzima, kisha anafia chini au anakuwa chakula chepesi cha papa.

3. Lida. Mita moja na nusu ya nailoni ya 0.80 kabla ya ndoana, iunganishwe na mshipi kwa swiveli (kile kiungo kinachozunguka ili uzi usijisokote). Fundo la uni, mizunguko mitano, lilowe mate kabla ya kukaza, maana msuguano wa fundo kavu huunguza nailoni. Kama mzia au nguru wapo, ongeza waya wa sentimita 25.

4. Ndoana. Chukua ya duara, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani kuelekea shina, namba 6/0 hadi 8/0. Iwe ya chuma kinachoshika kutu, usinunue ya chuma cha pua. Ilaze juu ya meza: ikikaa bapa yote ni sawa, ncha ikiinuka pembeni irudishe dukani, kwa sababu hiyo hunasa kooni mara nyingi zaidi. Kisha bana kile kijino cha ncha kwa plaizi mpaka kilale kabisa. Choma kitambaa uivute. Ikitoka bila kukwaruza umemaliza. Chambo kisifunike ncha. Na samaki akila, USIKUNG'UTE FIMBO. Ngoja mshipi ukaze wenyewe, zungusha rili taratibu, ndoana itateleza na kushika pembeni mwa mdomo. Ukikung'uta unaichomoa mdomoni, halafu unakuja hapa kulalamika kwamba ndoana za duara hazinasi.

5. Chubwi (uzito wa kuzamisha chambo). Gramu 100 hadi 250 kulingana na mkondo. Plagi kuukuu za gari zinafaa, gereji watakupa bure. Ifunge kwa uzi dhaifu kuliko lida ili ikinasa mwambani ipotee yenyewe tu.

6. Breki ya rili. Hapa ndipo watu wanakadiria kwa kidole. Funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, mwenzako aishike, wewe vuta kwa fimbo iliyoinama kama unapigana na samaki. Breki ianze kuachia kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 14 ni kilo tatu na nusu hadi nne na nusu. Kumbuka mshipi unavyotoka, mzingo uliobaki kwenye rili unapungua na breki inazidi kuwa kali bila wewe kuigusa. Mzingo ukibaki nusu ya upana wake wa mwanzo, mvuto umekuwa mara mbili. Kwa hiyo samaki akikimbia mbali sana legeza kidogo, usikaze. Wengi wanakata mshipi hapo na samaki anaondoka na ndoana pamoja na mita mia za nailoni.

7. Vibali. Pita ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla hujaingia majini. Sehemu kubwa ya pwani hiyo ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga iliyoanzishwa mwaka 2009, na kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, ni eneo tengefu. Nahodha akikwambia "hakuna shida", shida itakuwa yako.

8. Samaki akifika ubavuni. Lowesha mikono. Taulo kavu na glovu kavu zinaondoa ute, na ute ndio kinga yake dhidi ya vidudu. Mwache majini, chomoa ndoana kwa plaizi. Kama lazima umtoe kwa picha, mshike kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo, asizidi nusu dakika. Usimning'inize kwa taya. Usimlaze kwenye sakafu ya boti iliyopigwa jua, kaijaribu kwanza kwa unyayo wako. Ndoana ikiwa kooni usichimbe, kata lida karibu na mdomo. Hapo ndipo utaelewa kwa nini nilikataa chuma cha pua: hicho hakiozi kwa kutu.

9. Kumshusha. Hatua hii ndiyo inayoua samaki wengi wanaodaiwa kuachiliwa, kwa hiyo someni polepole. Juu ya maji mgandamizo ni mmoja. Kila mita 10 unaongezeka mmoja, hivyo kwenye mita 30 ni minne. Changu na chewa wana bondo (mfuko wa hewa ulio ndani ya mwili), na hawana njia ya kuitoa hewa hiyo haraka. Ukimvuta kutoka mita 30 hewa ile inataka kuvimba mara nne. Utaona macho yametoka, tumbo limekaza, na kitu kama puto la waridi kimechungulia mdomoni. Ukimtupa hivyo hawezi kuzama, anabaki juu anapigapiga mkia. Dawa ni kumrudisha chini alikotoka, mgandamizo utaipunguza ile hewa.

Kifaa chake ni hiki. Ndoana kubwa, 10/0 au zaidi, kijino kimesagwa chote kwa tupa. Kamba ifungwe kwenye PINDO la ndoana (pale inapokunja), chubwi ining'inie kwenye TUNDU lake (pale unapofungia uzi siku zote), yaani ndoana inakaa kichwachini na ncha inatazama chini. Ipitishe kwenye tundu lililoachwa na ndoana yako ya kwanza, au kwenye ngozi nyembamba ya mdomo wa chini. Uzito unamvuta chini kichwa kikitangulia. Akifika karibu na sakafu ya bahari, kung'uta kamba mara moja kwenda juu, ndoana inachomoka. Samaki wa kilo mbili anahitaji uzito wa kilo moja hivi; asipozama ongeza. Kamba iwe na alama kila pima tano (kama mita tisa).

Maonyo. Kifaa kiwe tayari kabla hujashusha chambo, kwa sababu samaki hatakungoja utafute kamba. Ukifunga kamba kwenye tundu badala ya pindo, hutaweza kumwachia. Utamshusha na kumpandisha tena, na hiyo ni kumuua mara mbili. Na lile puto la mdomoni msiliguse, ufafanuzi uko chini maana najua swali linakuja.

10. Nyumbani. Suuza rili kwa maji baridi ya mtiririko mdogo, legeza breki, kausha kivulini. Usipulizie maji ya mgandamizo kama unaosha bodaboda, unaingiza chumvi ndani.

Maswali karibuni.

Kijenge_Boy: Mkuu somo zuri. Sasa ndoana namba ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Kijenge_Boy: Nimeona ndefu nikaruka.

Mwandishi: Basi iruke na bahari.

Soweto Moshi: Hilo puto si unatoboa tu na sindano, pwaa, samaki anazama? Nimeona mtu anafanya na samaki akaondoka.

Mwandishi: Ulichokiona kinachungulia ni tumbo la chakula lililosukumwa nje na bondo. Bondo lenyewe liko nyuma yake. Ukitoboa pale umemtoboa tumbo. Akishushwa chini linarudi lenyewe. Kuondoka kwake machoni pako siyo kupona.

Soweto Moshi: Sawa usikasirike mangi.

Mwandishi: Sijakasirika. Weka sindano mbali.

Mama Nuru: Shikamoo. Mimi ni mgeni wa mambo haya ila nimesoma yote. Mbona nguru akitolewa maji marefu havimbi? Nimewaona kwenye mwalo wa Deep Sea pale Tanga, tumbo kawaida kabisa.

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri kuliko yote ya leo. Nguru hana bondo kabisa. Anapanda na kushuka apendavyo kwa kuogelea, na akisimama anazama. Papa na taa vilevile hawana. Kwa hiyo kifaa cha hatua ya 9 hakimhusu. Lakini usidhani ndiyo rahisi kumrudisha: nguru na jodari wanahema kwa kuogelea, maji yapite mdomoni na kutoka kwenye matamvua. Akivutana sana kisha ukamsimamisha anakata pumzi upesi. Jodari mdogo mrushe kichwa mbele kwa nguvu ili maji yapite. Nguru mimi nashauri ukishapata wawili wa kitoweo, acha kuwatafuta, maana wengi wa kurudishwa hawafiki mbali. Kolekole na chewa mshike wima ubavuni, mdomo ukikabili mkondo, mpaka mkia uvute mkono wako. Usimsukume mbele na nyuma kama msumeno. Maji yakirudi nyuma yanaumiza matamvua.

Ngarenaro One: Watu wanashindia ugali na dagaa, nyie mnavua halafu mnarudisha. Huu si ni utani?

Mwandishi: Hakuna aliyesema urudishe wote. Kula changu wa kutosha sahani, mpe nahodha na vijana wake kitoweo, na mkubaliane kabla ya kutia nanga ili isiwe ugomvi. Rudisha wadogo, na rudisha chewa wakubwa. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, wachache wakikua wanageuka madume. Ukitoa wakubwa wote kwenye mwamba mmoja umeondoa madume, na mwamba huo wavuvi wa pale wanautegemea mwaka mzima, wewe unarudi zako Arusha Jumapili.

Ngarenaro One: Hapo nimekuelewa.

Fundi Unga Ltd: Kuongezea: kama samaki wamevimba wengi kwa mpigo, tumieni kreti la plastiki la mkate. Pindua mdomo chini, funga kamba kwenye kitako ambacho sasa kiko juu, na kilo saba za chuma zigawanywe kwenye pembe nne za mdomo. Samaki anaelea ndani, hatoki, anashuka nalo. Akirudisha nguvu anatoka mwenyewe kwa chini. La soda halifai mpaka ukate vile vyumba vya ndani.

Mwandishi: Safi sana fundi. Hata ndoana haihitajiki, hatobolewi tena. Vyuma vifungwe kwa usawa, vinginevyo kreti linapinduka njiani.

Mama Nuru: Na tukivua tasi? Naambiwa miba yake ina sumu.

Mwandishi: Kweli. Tasi, taa na samaki jiwe wote. Mshike tasi kwa plaizi ya ndoana, usimkumbatie. Ukichomwa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, nusu saa hadi saa moja na nusu, kwa sababu sumu hiyo huharibika kwa joto. Mtu mwingine ayapime kwanza, maana mkono wenye maumivu hauhisi kuungua. Kisha hospitali, hasa kwa samaki jiwe na taa.

Fundi Unga Ltd: Ndiyo maana chupa ya chai inaenda botini. Moja ya chai, moja ya maji matupu. Msizichanganye.

Kijenge_Boy: Nimerudi nimesoma. Ndoana yangu nikiilaza mezani ncha inainuka.

Mwandishi: Rudisha dukani. Wakigoma, inyooshe kwa plaizi mbili taratibu. Ikionyesha ufa, tupa.