Kamba ya manila isifike kwenye hori: funga marobota kwa katani

Msimu wa kufunga hei umeanza, na safari hii sielezi jinsi ya kukata nyasi wala kuzikausha. Hayo mnayajua. Naandika kwa sababu ya kamba. Kila kiangazi tunaitwa kwa ng'ombe aliyeacha kula: leo kavimba tumbo, kesho kanywea, keshokutwa kavimba tena, na maziwa yanazidi kushuka. Ameshapewa dawa ya minyoo, ameshanyweshwa mafuta, ameshachomwa sindano. Akichinjwa, tumboni linatoka bonge la manila, yaani kamba ya plastiki, na nyuzi za salfeti, ile mifuko ya plastiki iliyofumwa, zilizosokotana na majani, gumu kiasi kwamba hulifungui kwa mikono. Ng'ombe wa maziwa anapotea kwa kamba ambayo ingebaki imetundikwa kwenye msumari.

Ng'ombe hachambui chakula kama mnavyofikiri. Hana meno ya mbele ya juu. Hukusanya majani kwa ulimi, na ulimi wake una vimiiba vinavyoelekea kooni. Kamba ikishaingia kinywani, mwendo wake ni mmoja tu. Tumboni manila haimeng'enywi kabisa, haicheuliwi ikakatika, wala haipenyi kwenda mbele. Inabaki pale na kusubiri nyingine. Sumaku ambayo wengine huwawekea ng'ombe tumboni hunasa misumari na waya, manila hainasi. Katani ni nyuzi za mmea, kwa hiyo tumbo huivunja, ingawa polepole. Ndiyo maana hata ya katani lazima itolewe. Tofauti ni kwamba kipande cha katani kikikuponyoka, mnyama ana nafasi. Manila haimpi nafasi hiyo.

Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini Tanzania, wengi wamejiaminisha kwamba hatari hii imekwisha. Manila na salfeti hazikuguswa, na ndizo zilizojaa mabandani.

Sasa vipimo, na hapa ndipo mnaponiudhi. Boksi la mbao la kufungia hei lina urefu wa sm 85, upana wa sm 55 na kina cha sm 45, na likishindiliwa vizuri linatoa robota la kilo 20 hivi. Kamba huzunguka urefu na kina: 85 na 45 ni 130, mara mbili ni sm 260. Ongeza sm 40 za fundo. Kwa hiyo kamba moja ni mita 3, na robota moja linataka kamba mbili, yaani mita 6. Marobota 100 ni mita 600 za katani. Nunua mita 600! Mnakata mita mbili na nusu ili kubana matumizi, kamba haifiki, kisha mnachomoa utepe wa salfeti na kuungia. Robota hilo mnaliita la katani, lakini ndani yake kuna plastiki fupi yenye fundo, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuiona kwenye majani.

Tandika kamba zote mbili kabla ya kuweka nyasi, kila moja sm 15 kutoka ukingoni, ili katikati zibaki sm 25. Tumia katani nyembamba ya kufungia marobota, si ile nene ya kufungia mbuzi. Najua mnachosema: katani ni ghali na inaoza. Inaoza pale robota linapolala kwenye sakafu yenye unyevu. Panga marobota juu ya mbao zilizoinuliwa sm 15 kutoka chini, yasiguse ukuta, na ikaguliwe paa kabla ya mvua. Kamba ikioza stoo, hata nyasi zake zimeshaanza kuota ukungu.

Wanaonunua marobota kwa wafanyabiashara hupewa yaliyofungwa kwa manila na hawana la kuchagua. Basi yafungueni kwa utaratibu. Kata kamba sm 5 tu kando ya fundo, mahali pamoja, kisha ivute itoke nzima pamoja na fundo lake. Ukiikata sehemu mbili, kipande kimoja kitabaki ndani. Hesabu: robota moja, kamba mbili mkononi, ndipo majani yaende. Marobota matano, kamba kumi kwenye msumari. Zikiwa tisa, hakuna kulisha mpaka ya kumi ipatikane.

Na msifungue marobota alfajiri gizani kabla ya kukamua, tochi ikiwa mdomoni. Ya kesho yafungueni leo saa kumi na moja jioni, kukiwa na mwanga, stoo na si juu ya hori. Wenye mashine ya kukatakata majani ndio wawe wakali zaidi, kwani manila ikipita kwenye visu inatoka vipande vya sentimita mbili tatu na hakuna jicho litakaloviokota.

Kamba zilizotolewa zisitupwe kwenye samadi. Nimeona mashamba ya matete yaliyowekwa samadi ya namna hiyo: jua limeichakaza manila mpaka imekuwa nywelenywele, matete yameota katikati yake, na panga linakata vyote pamoja kurudisha bandani.

Mkifanya hivi, ng'ombe hula na kucheua kama kawaida kiangazi chote.

Aliyekwisha kumeza hatibiwi kwa magadi wala mafuta. Bonge likishakuwa kubwa, njia iliyobaki ni kupasuliwa, na hiyo inafaa mnyama akiwa bado na nguvu. Uvimbe ukirudi mara ya pili, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na umwambie wazi ulikuwa unalisha marobota ya kamba gani. Usipomwambia, atatibu gesi na kuondoka.