Wikendi ya mbio za ramani, bustanini na mjini: namna ya kujiandaa na kukimbia

Wikendi nyingi za orientiringi, yaani mbio za kutafuta vituo vilivyochorwa kwenye ramani, huko Ulaya hupangwa hivi: Jumamosi mbio fupi kwenye bustani kubwa ya umma au viwanja vya chuo, jioni chakula cha pamoja, Jumapili mbio ndefu zaidi katikati ya mji. Mgeni huja ameandaa miguu, kumbe kazi kubwa ni ya macho: ukuta ambao hakuuona kwenye ramani, uchochoro ulioziba, kituo kilicho chini ya daraja wakati yeye yuko juu yake. Maelezo haya ni kwa anayekwenda kwa mara ya kwanza au ya pili, na mifano mingi ni ya Uingereza.

Kujiandikisha

Uingereza watu hujiandikisha kupitia tovuti za SiEntries au Fabian4. Sweden na Norway hutumia Eventor. Fanya mapema, kwa sababu ramani huchapwa kwa hesabu na za ziada huwa chache. Fomu itakuuliza namba ya chipu, kile kifaa kidogo cha kidoleni kinachorekodi vituo ulivyopita. Kama huna, omba kukodishiwa. Ukiazima kwa rafiki, jua uwezo wake: SI-Card 8 hubeba vituo 30, SI-Card 9 vituo 50, SIAC, ile isomayo bila kugusa kituo, vituo 128. Kozi za mjini huwa na vituo vingi vilivyokaribiana, na chipu ikijaa vituo vya mwisho havirekodiwi kwenye kumbukumbu yake.

Bustanini kozi mara nyingi huitwa kwa rangi. Mtu mzima asiyezoea ramani hizi achague ya rangi ya chungwa, hata kama anamaliza kilomita 5 kwa dakika 18. Mjini makundi ya washindani hufuata umri na jinsia. Watoto wa chini ya miaka 16 huwekewa kozi zisizovuka barabara zenye magari, kwa hiyo usimwandikishe mwanao kozi yako ukitarajia mtakimbia sambamba.

Soma pia urefu umepimwaje. Kozi ya kilomita 6 iliyopimwa kwa mstari ulionyooka kutoka kituo hadi kituo inaweza kukutoa kilomita 8 za kukimbia, maana majengo hayapitwi katikati.

Kabla ya kulipia hoteli, tazama taarifa ya mbio kuhusu eneo lililofungwa. Mara nyingi washindani hawaruhusiwi kuzurura mahali patakapokimbiwa kabla ya siku yenyewe, na hoteli nzuri za katikati ya mji ndizo zinazoangukia humo.

Ramani na mipaka yake

Ramani za mbio fupi hufuata kanuni za ISSprOM za shirikisho la kimataifa, IOF. Kipimo chake ni 1:4000, ambapo sentimita 1 ni mita 40; wakati mwingine 1:3000. Mistari ya mwinuko hutofautiana kwa mita 2 au 2.5. Anayetoka kwenye ramani za msituni za 1:10,000 hupitiliza kona mbili tatu za kwanza, kwa sababu milimita 5 anazozizoea kuwa mita 50 sasa ni mita 20 tu.

Jambo ambalo huwafutia watu matokeo ni kuvuka kisichovukwa. Mstari mnene mweusi ni ukuta usiopitwa. Uzio usiopitwa huwa na vijistari viwili viwili pembeni. Wenye kimoja kimoja unapitika. Maji ya buluu yenye ukingo mnene mweusi hayaingiwi. Kijani cha zeituni ni mahali marufuku: ua wa mtu, bustani ya maua, kiwanja cha shule. Kijani iliyokoza sana ni ua wa miti usiopenywa, hata kama mbele yako una tundu la kumtosha mtoto. Mistari ya zambarau iliyochorwa juu ya eneo ni marufuku ya siku hiyo tu. Sheria haiulizi kama unaweza kuuruka ukuta; wengi wanaweza. Mpangaji wa kozi amepanga kipande kile, yaani mwendo wa kutoka kituo hadi kituo, akitegemea kila mtu azunguke, na mwenye nyumba ametoa ruhusa kwa sharti hilo.

Mwanzo

Mahali pa kuanzia panaweza kuwa mbali na mahali pa kukusanyikia, kwa hiyo fika eneo la tukio saa nzima kabla ya muda wako. Chipu kwanza huwekwa kwenye kisanduku cha kufuta, ikae hadi kilie, halafu kwenye cha kuhakiki. Ukiruka kufuta, vituo vya mbio zilizopita vinabaki ndani. Wenye SIAC wasiruke kuhakiki: hapo ndipo uwezo wa kusoma bila kugusa unapowashwa, na asiyefanya hivyo atapita karibu na kituo kimya kimya. Kisha unasogea mstari mmoja kila dakika, unachukua karatasi ya maelezo ya vituo, na ramani huitazami mpaka saa ilie.

Ukiipata, igeuze ilingane na kaskazini, tafuta pembetatu ya kuanzia, weka kidole gumba hapo ulipo na ukisogeze kila unapopita kona. Kidole kikiachwa nyuma, utasimama kuitafuta nafasi yako upya.

Kila kituo kina bendera ya chungwa na nyeupe pamoja na namba, kuanzia 31 kwenda juu. Hakiki namba hiyo na karatasi yako kila mara. Kozi nyingine zina vituo upande wa pili wa ukuta huohuo, na kituo kisicho chako hakihesabiki. Kuruka kimoja, au kuvichukua bila mpangilio kwenye kozi ya mfuatano, kunakutoa kwenye matokeo. Chipu ya kawaida iache kwenye tundu la kisanduku cha kituo hadi kilie na kimwekemweke. Kisanduku kikiwa kimekufa, toboa ukingo wa ramani kwa kibanio kilichofungwa hapo, kama kipo, na ukaripoti mwishoni.

Kuchagua njia mjini

Anza kituoni urudi nyuma mpaka ulipo. Watu hufanya kinyume, wakachagua mtaa mpana unaoanza vizuri na kuishia kwenye ukuta nyuma ya kituo. Tazama duara la kituo kwenye ramani: kituo kiko upande gani wa ukuta, na kinafikiwa kwa kuingilia wapi? Ukishajua, tafuta kiingilio kilicho karibu, kisha njia ya kukifikia.

Edinburgh, ulikofanyika ubingwa wa dunia wa mbio fupi Julai 2024, ni somo zuri. Royal Mile iko mgongoni mwa kilima, na vichochoro vyenye ngazi vinashuka pande zote mbili. Madaraja ya South Bridge na George IV Bridge yanapita juu ya mtaa wa Cowgate, hivyo nukta moja kwenye karatasi ni mahali pawili. London, vijia vya juu vya Barbican huleta fumbo hilohilo. Dawa yake ni safu ya G ya maelezo ya vituo, inayosema kama bendera iko juu, chini au pembeni ya kitu. Wengi hawaisomi kabisa.

Kwa makadirio, mita 10 za kupanda zihesabu kama mita 100 za tambarare. Njia ndefu kidogo yenye kona chache mara nyingi hushinda fupi yenye kona nyingi, hasa mawe ya barabarani yakiwa na unyevu. Katika kipande kirefu, soma vipande viwili vya mbele ukiwa kwenye sehemu iliyonyooka. Ukifika kituoni uwe unajua unatokea upande gani.

Viatu: njoo na jozi mbili. Vya mpira wenye meno kwa majani mabichi ya bustanini, vya barabarani kwa mjini. Njumu za chuma hazikubaliki mjini.

Jioni na asubuhi yake

Chakula cha Jumamosi hulipiwa mapema, na vyakula usivyokula hutajwa kwenye fomu. Ukisema mlangoni kwamba huli nguruwe, jikoni watakuwa wameshamaliza. Chukua ramani yako ya mchana. Mazungumzo yote huwa ni kulinganisha njia kipande kwa kipande, na hapo mgeni hujifunza kuliko kwenye mbio zenyewe. Waandaaji wengine hujenga labirinti ya nguzo na utepe, ya kukimbia dakika moja au mbili. Watoto huwashinda wazazi kwa urahisi wa kuudhi.

Jumapili magari hayasimamishwi. Mahali pa kuvuka barabara kubwa pakiwa na vituo viwili vya kusimamisha saa, muda wa kuvuka hauhesabiwi, basi tembea.

Ukimaliza, au hata ukijitoa njiani, lazima upite kwenye meza ya kusoma chipu. Chipu yako isiposomwa hapo, waandaaji watakutafuta mitaani hadi jioni wakati wewe umeshapanda treni. Chipu ya kukodi irudishwe palepale. Ikipotea utalipa bei ya mpya.