Kumhudumia kichanga mwenye maji kichwani, tuanze na tepu

Manesi wenzangu, hasa nyie mnaoanza kazi wodi ya vichanga, leo naongelea mtoto mwenye maji kichwani, maana huyu nikimkuta kwenye zamu yangu roho haitulii mpaka nimeshika tepu.

Ubongo unatengeneza maji yake kila siku, yanazunguka halafu yanafyonzwa kurudi kwenye damu. Njia ikiziba au yasipofyonzwa vizuri yanajaa, na kwa sababu mifupa ya fuvu la kichanga bado haijaungana kichwa kinatanuka. Wengine wanazaliwa hivyo, wengine wana mgongo wazi, njiti, yaani waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, wanapata baada ya damu kuvujia ndani ya ubongo, na wengine ni baada ya homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo usingoje mpaka kichwa kionekane kikubwa, njiti aliyevujia damu anza kumpima mapema.

Sasa tepu. Iwe isiyovutika, ipite juu kidogo ya nyusi, izunguke mpaka kisogoni pale palipotokeza zaidi, pima mara tatu andika kipimo kikubwa, kila siku saa ileile. Kichanga aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia mara nyingi anakuwa kati ya sm 32 na 37 ila namba ya siku moja peke yake haikuambii mengi, unachotafuta ni mwendo. Kawaida kichwa kinaongezeka kama nusu sentimita kwa wiki, kwa njiti inaweza kufika sm 1, ukiona kimeruka sm 2 ndani ya wiki usisubiri raundi ya kesho, mpigie daktari. Niliwahi kukuta chati imeandikwa 36, kesho yake 37.5, keshokutwa 35.8, yaani kila zamu imepitisha tepu mahali pake na hakuna aliyejua kichwa kinakua au la. Tangu hapo naweka alama mbili ndogo za kalamu kwenye ngozi na namwonyesha anayenipokea zamu, kwa mkono, sio kwa mdomo tu.

Utosi uguse mtoto akiwa ametulia umemwinua kidogo, akilia unajaa hata kwa mzima. Pitisha kidole taratibu kwenye maungio ya mifupa, usikie kama yameachana. Angalia mishipa ya kichwani imetokeza, macho yanatazama chini weupe unaonekana juu kama jua linazama, anatapika, analia sauti nyembamba kali, au kinyume chake amelegea hataki kunyonya. Akianza kusahau kupumua au mapigo ya moyo kushuka hiyo ni dharura, msaidie kupumua huku mwenzio anaita daktari.

Kumshika: kichwa ni kizito na shingo haina nguvu, kwa hiyo kiganja kiwe chini ya kichwa na mkono wa pili chini ya mabega na matako, vigeuke pamoja, usigeuze kichwa mwili ukabaki. Mgeuze kila baada ya saa 2, malazi yake yawe laini, na kila ukigeuza tazama kisogo na nyuma ya masikio, ngozi pale imevutika inachubuka haraka sana, ukiona wekundu usimlalishe tena upande ule. Kope zisipofunga vizuri muulize daktari dawa ya kulainisha macho. Dripu usiweke kichwani, tafuta mkononi au mguuni.

Maziwa mpe kidogokidogo mara nyingi, kichwa kimeinuliwa, mcheulishe. Kubadili nepi na kupima fanya kabla ya kulisha, ukimtikisa akiwa ameshiba atatapika na hutajua ni shibe au presha ya kichwani.

Akishawekewa shanti, yaani mrija unaotoa maji ya ziada kichwani kuyapeleka tumboni, anza na maelekezo ya daktari wa upasuaji, mara nyingi mwanzoni atataka alazwe bapa, upande ambao haujapasuliwa, anainuliwa polepole ili maji yasishuke kwa kasi. Utosi ukizama ujue yanatoka kupita kiasi, ukijaa tena pengine shanti imeziba, yote mawili ripoti. Valvu, kile kidude cha shanti kinachodhibiti maji, usiibonyezebonyeze. Kagua kidonda na njia yote ya mrija mpaka tumboni, tumbo likivimba au joto likitoka nje ya 36.5 mpaka 37.5 semeni mapema, kichanga mwenye maambukizi anaweza kuwa wa baridi badala ya kuchemka. Na dawa ya maumivu jamani msiichelewesheni.

Mama naye mara nyingi anajilaumu kimoyomoyo. Kaa naye, mwambie si kosa lake, mwache amshike mtoto mbele yako mpaka mikono iache kutetemeka, mwongoze kidole chake mpaka kwenye mrija nyuma ya sikio aujue. Akiona kutapika, usingizi usio wa kawaida, degedege au utosi umejaa arudi siku hiyohiyo, hata usiku. Kama mtoto ana mgongo wazi amwone daktari kuhusu foliki asidi kabla ya mimba nyingine. Na kwenye kadi anayoondoka nayo andika kipimo cha mwisho cha kichwa, tarehe, na upande shanti ilipo, nesi atakayempokea kliniki ataanzia hapo.